Pikapu ya Kumshusha Shaba

Hapo zamani, na zamani yenyewe haijapoa, graduates watatu walikuwa wanatarmac Limuru, wakisaka kazi. Tajiri mmoja, Bwana Sirma, akawaita. Farasi wake Shaba, jike mwenye mimba, alitakiwa ashushwe kwa trela hadi Naivasha.

"Mtakaponifikishia salama, aliyefanya kazi kubwa namwajiri. Permanent!"

Kazi moja, digrii tatu. Ndiyo nchi yetu hiyo.

Uani palikuwa na pikapu mbili: mpya inayong'aa, na kuukuu nzito kama kifaru. Mwende, injinia, akaipita ile mpya bila kuitazama.

"Tunavuta na hii kuukuu."

"Watu wataniona vipi?" Sirma akaguna.

"Boss, kuvuta si shida. Shida ni kusimama. Trela ikiizidi pikapu uzito, mteremkoni trela ndiyo dereva."

Hakubanduka mpaka trela ikafungwa kwenye ile kuukuu.

Shaba naye akagoma kuingia. Wakavuta, wakasukuma, wapi! Lekishon, aliyesomea tiba ya mifugo, akawafokea: "Mnamnyonga kwa nini? Huyu hasafiri peke yake!" Akamleta punda anayelala na Shaba zizini, akamtanguliza ndani. Shaba akafuata bila neno.

"Na uzito wa punda?" Mwende akaruka. "Sikuuhesabu!"

"Sasa ulitaka apande bodaboda?"

Otiato, mwenye digrii ya historia na leseni ya lori, akashika usukani. Mteremkoni breki zikaanza kunuka, trela ikasukuma kutoka nyuma. Akaacha kuzikanyaga, akashusha gia moja moja, akajibana upande wa mlima. Magari nyuma yakampigia honi na matusi.

"Pita juu yangu basi!" akajibu.

Wakafika. Shaba akashuka, akaanza kula nyasi.

"Bila pikapu niliyochagua mngekuwa korongoni," Mwende akasema.

"Bila punda wangu mngevuta trela tupu," Lekishon akasema.

"Na bila mimi," Otiato akasema, "pikapu na punda wangezikwa kaburi moja."

Sirma, aliyetangulia na ile mpya, AC ikimpuliza, akapiga mwayo. "Nipeni jina moja. Mkiendelea kubishana, kazi nampa mpwa wangu."

Mpwa! Kijana asiyejua farasi anakula upande gani! Shame on you, mzee. Umewatumia wote watatu, sasa wang'atane wenyewe?

Na huyo mpwa keshavaa gambuti, anakuja. Haya wasikilizaji, semeni upesi: Mwende, Lekishon au Otiato, nani alistahili?