Pimbi Aenda kwa Hakimu Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kushtakiana, Korongo, karani wa mahakama, alibisha mlangoni kwa Bi Pimbi, ngo ngo ngo, akamsomea hukumu. Hakimu Kiboko ameamua: pango ni la Fisi, Pimbi ahame kabla jua halijazama.

Pimbi hakujua hata kama kulikuwa na kesi.

Akafunga virago, akafungua, akafunga tena. Miguu haikutulia.

Fisi akaja, mpole kama shemeji. "Pole, Bi Pimbi. Kata rufaa kwa Simba. Nitakusindikiza mwenyewe."

"Atanisikiliza?"

"Atapima yaliyosemwa kwa Kiboko, basi. Yeye hapokei maneno mapya."

Pimbi akasimama. Kwa Kiboko yeye hakusema neno. Simba angepima nini, kama si maneno ya Fisi matupu? Na mbona mshindi anamhimiza aliyeshindwa kukata rufaa?

"Asante, Bwana Fisi. Lakini kwa Simba foleni ni ndefu, nami nina watoto wa kubeba. Hungetangulia ukanishikia nafasi? Wewe una miguu."

"Hilo tu?" Fisi akacheka, akatimka, puku puku puku, kuelekea mlimani.

Pimbi naye, chwii, mtoni.

Kiboko akatoa pua majini, bwaaa. "Nimekwisha hukumu. Hukuridhika, nenda kwa Simba."

"Sikuja kubishana na hukumu, mzee. Nimekuja kwa sababu sikuitwa shaurini."

"Uliitwa. Kila anayeitwa hukanyaga udongo anaopelekewa na tarishi, alama ya mguu ibaki, na udongo wako tunao. Korongo, ulete."

Korongo akapekua matetini, kipande baada ya kipande. Jua likashuka. Pimbi akawa anakanyaga huku na huku kama aliyesimama juu ya siafu. Udongo ulipoletwa, akaweka mguu wake kando ya alama. Alama ile ilikuwa na kucha ndefu, na ungeweza kumlaza mtoto wa Pimbi ndani yake.

"Tarishi alikuwa nani?" akauliza Kiboko.

"Fisi alijitolea," akajibu Korongo, akificha kichwa bawani.

Kiboko akautazama udongo, kisha mguu wa Pimbi. "Hukumu naifuta. Shauri litaanza upya, nyote wawili mkiwepo. Mpaka hapo, kaa kwako."

"Na Fisi aitwe, mzee, akanyage kwa mguu wake."

"Yuko wapi?"

"Kwa Simba. Ananishikia nafasi."

Basi, wanangu, ukihukumiwa bila kusikilizwa, bisha kwanza mlango uleule ulioamua bila wewe.