Mbwa Aliyekuja Shingo Tupu

Sogeeni, wajukuu zangu, mikono magotini, masikio kinywani mwangu. Zamani ile, mawe ya mlimani yakiwa bado laini na mawingu yakilala zizini pamoja na mbuzi, paliondokea mwanamke kijana, jina lake Nakijwa.

Nakijwa aliolewa ng'ambo ya mlima. Si mlima wa kupanda ukiimba. Huo unaupanda umenyamaza, maana pumzi unaihitaji. Na desturi ya watu wale ilikuwa hii: aliyeolewa ng'ambo harudi kwao mpaka awe na mtoto mgongoni. Akirudi mgongo mtupu, ameacha ndoa yake. Miaka mitatu ikapita, na mgongo wa Nakijwa ulikuwa mtupu.

Lakini mama yake alikuwa na mbwa, jina lake Watasema. Usicheke, wewe. Mwenye mbwa alikuwa na majirani.

Kila mwezi ulipoandama, mama alimfunga Watasema kifurushi cha jani la mgomba shingoni, mara ndizi kavu, mara chumvi, mara kunde mpya. Mbwa akapanda, akashuka, akapanda, akashuka, mpaka mlangoni kwa Nakijwa. Naye Nakijwa hakula kwanza. Alinusa lile jani la mgomba lililonuka moshi wa jiko la kwao, akalinusa mpaka harufu ikaisha.

"Mgeni wako kaja kuhesabu vyungu vyetu," mama mkwe wake alikuwa akisema.

Mwezi mmoja Watasema alifika shingo tupu. Nakijwa akapapasa manyoya. Akatazama njiani, labda kimeanguka. Hapakuwa na hata kamba.

"Mama yangu amekufa," akasema.

"Mbwa ndiye aliyekuambia?"

"Angekuwa hai, angefunga hata jani."

"Basi mlilie hapa hapa, mkaza mwanangu. Ukivuka na mgongo mtupu, wazee nitawaambia nini? Mlango huu si wangu peke yangu."

Nakijwa alilia siku moja. Siku ya pili, alfajiri, akajitanda ngozi ya mbuzi, akamwambia mbwa, "Tangulia."

Wakapanda. Wakapanda, wanangu, wakapanda. Mbwa mbele, mtu nyuma. Kwenye miamba Watasema aliruka, kisha akageuka kumngoja. Ukungu ukashuka, Nakijwa asiuone hata mkono wake, akashika mkia wa mbwa kama kipofu anavyoshika fimbo. Mara Watasema akalala katikati ya njia.

"Ondoka," Nakijwa akamwambia. "Watamzika sijamwona."

Mbwa hakuondoka. Nakijwa kwa hasira akapiga jiwe teke, jiwe likaenda mbele. Mmesikia lilipotua? Hata yeye hakusikia. Mvua ilikuwa imekula njia yote.

Wakazungukia juu, penye changarawe kali kama meno. Walipoanza kuteremka upande wa kwao, nyayo za Watasema zilikuwa zikivuja damu. Akakaa chini, akamtazama tu. Nakijwa akavua ile ngozi, akambeba mbwa mgongoni, akamfunga kama mtoto.

Sasa wanawake wa kwao, waliokuwa wakilima bondeni, wakaona mtu anashuka na mzigo mgongoni. Wakapiga vigelegele. "Nakijwa kaleta mjukuu!" Vigelegele vikapanda mlima, vikamkuta hana pa kujificha. Akashuka navyo, kichwa chini.

Wa kwanza kumfikia alikuwa mama yake, mzima wa afya, udongo mikononi. Akafunua ngozi. Masikio mawili yakachomoza.

Vigelegele vikakatika.

"Nilidhani umekufa, mama."

"Ulitaka nife ndipo uje?"

"Mbwa alikuja shingo tupu."

"Nilimwacha hivyo makusudi. Miaka mitatu nakutumia ndizi, unakula, unanyamaza. Safari hii nikasema, nikutumie ukiwa wangu, nione kama utakufikia."

Mwanamke mmoja akanong'ona, "Lakini karudi mgongo mtupu."

"Mtupu?" mama akamgeukia. "Wewe kigelegele ulikipigia nini?"

Akamchukua mbwa, akamwosha nyayo kwa maji ya vuguvugu, akampikia uji mwepesi, ule wa mtoto mchanga. Hakuna aliyecheka.

Siku ya nane Nakijwa alirudi kwa mumewe, peke yake. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta hai, mama."

Yule mzee akatazama mlimani. "Mimi nilingoja nipate mtoto kwanza," akasema. "Mama yangu hakuweza kungoja." Akasogea kando, mlango ukabaki wazi.

Watasema hakuvuka mlima tena, miguu haikumruhusu. Ikabidi Nakijwa avuke mwenyewe kila kunde zilipokomaa. Na tangu hapo, mwanamke akishuka mlima ule, watu humtazama usoni, hawamtazami mgongoni.

Basi, wajukuu zangu, aliye hai na anakukumbuka, usimngojee kifurushi chake. Nenda.

Kisa kimeteremka mlima, kimefika miguuni penu. Mimi magoti yamechoka. Atakayekipandisha tena ni mmoja wenu.