Kwa Nini Mlango wa Stenlesi Una Mistari Inayoshuka

Palikuwa na wakati ambapo chuma kisichoshika kutu, kile ambacho mafundi wa leo hukiita stenlesi, kilikuwa na uso wa namna moja tu. Kilitoka mkononi mwa mhunzi kikiwa kioo. Hakikuwa na mistari, wala ule mng'ao mpole mnaouona kwenye milango ya hospitali na reli za ngazi. Ukikisogelea ulijiona mwenyewe, na ukisimama mbali ulipigwa na jua machoni. Habari ya jinsi kilivyobadilika ni hii, nami nitaisimulia pamoja na majina ya waliokuwapo.

Milima miwili ilitazamana, Ngofi upande wa magharibi na Kirongwe upande wa mashariki, na kati yake ulipita mto Mvungwe. Wapo wanaosema Mvungwi. Wenyeji walisema Mvungwe. Ngofi walikaa wahunzi. Kirongwe walikaa wakulima wa mtama na wafuga nyuki. Koo hizo mbili zilikuwa zimechanjiana damu na kuapa kuonyana kila hatari itakapotokea. Upande mmoja ukivamiwa, mtu alipanda mahali pa wazi, akainua upanga uliosuguliwa na kuuelekeza juani, ili mwali wake uonekane ng'ambo. Walioona mwali waliwapandisha wanawake na watoto mapangoni, wanaume wakashuka mtoni na silaha, na kivuko kikafungwa. Hakuna aliyevuka, wa huku wala wa kule, hadi jua lichomoze na kutua bila mwali kuonekana. Neno la mdomo halikuweza kufungua kivuko, kwa sababu mtu huweza kulazimishwa kusema.

Mhunzi mkuu wa Ngofi aliitwa Kadiva. Mkewe aliitwa Nanzia, na binti yao wa pekee, Nakijwa, alikuwa ameolewa Kirongwe. Mwaka ninaousimulia Nakijwa alikuwa na mimba yake ya kwanza. Desturi ya pande zote mbili ilikuwa kwamba mzaliwa wa kwanza hupokewa nyumbani kwa mama wa mzazi, na mikono ya kwanza kumshika iwe ya bibi yake. Ilikuwa imekwisha kukubaliwa kwamba Nakijwa avushwe mavuno yakiisha. Nanzia alikuwa ameandaa chumba, kuni na mafuta, naye alihesabu kuwa wakati umekaribia.

Wakati huohuo wazee wa Ngofi walikuwa wamechoshwa na kutu. Ghala la ukoo lilikuwa na mlango wa chuma uliokuwa ukiliwa na mvua, na kila masika panya walipata tundu jipya. Kadiva akajaribu kuyeyusha chuma pamoja na jiwe jeusi zito aliloliokota mtoni. Alichopata kilikuwa kigumu kufuliwa kuliko chochote alichokijua, lakini alikifua hata akapata mlango. Akaulowesha, akauacha nje, akaumwagia maji ya chumvi. Haukushika kutu. Wazee walifurahi, wakachinja kondoo, wakaupaka mlango mafuta yake na kuutundika ghalani ukielekea mashariki. Mlango uliotundikwa kwa kondoo haukushushwa mpaka nafaka yote iliyo ndani iliwe.

Mtani wake Kadiva, mzee aliyeitwa Mcharo, aliutazama kwa muda mrefu. "Sasa panya watakuja kunyoa ndevu," alisema.

Asubuhi iliyofuata jua lilipochomoza juu ya Kirongwe, liliupiga ule mlango, na mlango ukalirudisha jua lilikotoka. Haukupita muda ngoma ikalia ng'ambo. Watu wa Ngofi walisimama wakitazamana. Waliona wanawake wa Kirongwe wakipanda mlimani na watoto mgongoni, na wanaume wakishuka mtoni. Hakuna aliyeelewa mpaka Mcharo alipogeuka na kuuona mlango.

Nanzia hakungoja wazee wakae. Alichukua kapu lake la uzazi akashuka mtoni. Ng'ambo, mbele ya vijana wenye mikuki, alisimama Sengondo, baba wa mkwe wake, ambaye ndiye aliyekuwa mlinzi wa kivuko. Mto ulikuwa umepungua, nao wakasikilizana vizuri.

"Mkwe, kwetu hakuna vita," alisema Nanzia. "Ni mlango."

"Mlango," alisema Sengondo.

"Mlango wa ghala. Kadiva ameufua, unang'aa."

"Nimesikia, mama. Na mimi ningekuwa nimewekewa mkuki mgongoni, ningesema ni mlango."

Nanzia akageuka, akamwonyesha mgongo. Vijana wakacheka. Sengondo hakucheka. "Mgongo nauona," alisema. "Kichaka kilicho nyuma yako ndicho nisichokiona ndani."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko juu pangoni na wenzake. Amelala kwenye ngozi nzuri. Hajalalamika."

"Hatalalamika. Ndivyo alivyo. Siku atakayolalamika mtoto atakuwa njiani, na huko pangoni hakuna hata maji."

Sengondo aliinua macho kuelekea mapangoni. Mtoto aliyetazamiwa alikuwa mjukuu wake pia. "Jua lipande na kushuka bila mwali," alisema, "nami nitamleta mwenyewe kwa mkono wangu. Kabla ya hapo usiniombe, mama, maana nitakukatalia na itaniuma."

Nanzia alirudi akamweleza mumewe. Wazee walikataa kuushusha mlango. Nafaka ilikuwa ndiyo kwanza imeingia. Walishauri ufunikwe. Kadiva aliufunika kwa ngozi ya ng'ombe, lakini upepo wa Ngofi ulipovuma ngozi ilipepea, na kila ilipopepea mwali ulitoka na kuingia, jambo lililokuwa baya zaidi, kwa kuwa ng'ambo ulionekana kama mkono wa mtu anayeita kwa haraka. Akaupaka tope. Tope lilikauka likabanduka lote kwa mara moja, maana chuma kile hakikukubali kushikwa na kitu. Akajaribu masizi na mafuta. Umande wa alfajiri ukateremsha masizi, na jua lilipotoka mlango ulikuwa safi kama ulivyotundikwa.

"Umetengeneza kitu kisichotaka nguo," alisema Mcharo. Kisha alipomwona Kadiva uso, akaacha utani, akaenda kumchotea maji.

Ndipo Kadiva alipoamua kuukwaruza. Akatwaa jiwe la kunolea akaanza kuusugua mlango. Yeye alikuwa mhunzi na mwana wa mhunzi, na mkono wake ulijua njia moja tu ya kupitisha jiwe juu ya chuma, nayo ni kwa kuzungusha, kama anavyonoa jembe au mundu. Alizungusha jiwe kutwa nzima, duara juu ya duara, mpaka uso wa kioo ukapotea. Jioni alijitazama asijione, akaenda kulala akiwa na matumaini.

Asubuhi jua liliingia katika zile duara, na kila duara ikatoa cheche yake. Palipokuwa na mwali mmoja sasa palimetameta mahali pengi, huku na huku, kadiri jua lilivyosogea. Aliyetazama kutoka Kirongwe hakuona tena upanga mmoja. Aliona jeshi. Ngoma ya ng'ambo ikabadilika mdundo, na vijana wa mtoni wakaanza kukata miti na kuweka maboma.

Siku hiyo mtu mmoja wa Kirongwe, shangazi wa mume wa Nakijwa, alisimama juu ya jabali na kupaza sauti, ingawa haikuruhusiwa. Alisema maneno machache. Alisema Nakijwa ameshikwa na maumivu ya mgongo, yanakuja na kuondoka.

Nanzia aliyasikia. Alikwenda ghalani akamkuta mumewe ameinua jiwe azungushe tena. Akamshika mkono.

"Baba Nakijwa, unaunoa," alisema.

"Nafuta mng'ao."

"Unaunoa kama jembe. Mlango haukati kitu."

Kadiva alilitazama jiwe lake. Baadaye alisema kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuuona mkono wake ukifanya kazi mpaka siku ile.

"Nipitishe vipi basi?"

"Sijui," alisema Nanzia. "Lakini duara zinarudisha jua kila upande. Pitisha njia moja uone."

Kadiva akaweka ubao ulionyooka ubavuni mwa mlango uwe kiongozi. Akachukua jiwe la mchanga, laini kuliko la kunolea, akalilowesha. Kwanza alijaribu kipande kidogo kwa kupitisha jiwe toka kushoto kwenda kulia. Mng'ao ulipungua, lakini maji yenye vumbi yalinasa katika ile mistari yakakauka hapo, pakabaki madoa. Akageuza. Akaanza juu kabisa, akashuka moja kwa moja mpaka chini bila kusimama, akainua mkono, akarudi juu kuanza upya. Hakuruhusu jiwe lipande likiwa limegusa chuma. Nanzia alimwaga maji, nayo yaliifuata mistari yakashuka na vumbi lote. Mkono wa Kadiva ulipochoka, Nanzia alilishika jiwe, na alipochoka yeye, Mcharo alilishika, akielekezwa na wote wawili asizungushe. Jua lilipotua, mlango wote ulikuwa na mistari myembamba kama nywele, yote ikielekea chini, na duara hata moja haikubaki.

Asubuhi kulikuwa na mawingu. Watu wa Ngofi walisimama wakitazama mbingu, kwa sababu siku ya mawingu haikuhesabiwa. Kiapo kilitaka jua. Nanzia alikaa mtoni na kapu lake, ng'ambo ya Sengondo. Kisha wingu la mashariki lilipasuka na jua likatokea lote, likapanda mteremko wa Ngofi, likafika ghalani.

Mwanga uliingia katika ile mistari na kutawanyika. Haukutoka mwali wala cheche. Mlango ulipata weupe mpole kama wa maziwa kwenye kibuyu, ukakaa hivyo. Kadiva alisimama pembeni asithubutu kuugusa. Jua lilipanda, likapita utosini, likaanza kushuka nyuma ya Ngofi. Ng'ambo ngoma ilikuwa imenyamaza tangu adhuhuri, lakini Sengondo hakuondoka mahali pake. Alingoja mpaka kivuli cha mlima kilipoyagusa maji, maana hapo ndipo kiapo kilipohesabu jua kuwa limetua. Ndipo alipoweka mkuki chini.

Alimleta mwenyewe, kama alivyoahidi. Nakijwa alivuka mto akiwa ameshika bega la baba mkwe wake, akisimama kila maumivu yalipokuja. Alipofika ukingo wa pili alimwambia mama yake, "Nilikuwa nimembana asitoke," na wanawake waliokuwapo walicheka huku wakilia. Hawakuchelewa kufika nyumbani, na mtoto hakuchelewa pia. Alikuwa wa kike, mzima, mwenye sauti. Mikono ya kwanza kumshika ilikuwa ya Nanzia.

Sengondo aliketi nje na Kadiva mpaka walipousikia ule mlio. Kila mmoja alipumua kwa nguvu, na Mcharo akaleta pombe ya muwa. Kisha Sengondo akaomba aonyeshwe. Akapelekwa ghalani na kijinga cha moto, akapitisha kiganja chake juu ya chuma, toka juu hadi chini.

"Mkwe," alisema, "kumbe ni mlango kweli."

"Ulitumiwa ujumbe huo mapema," alisema Kadiva.

"Uliletwa. Nami ningeukataa tena kesho."

Kadiva akasema hivyo ndivyo inavyofaa. Upande wa ndani wa mlango, ambako jua halifiki, aliuacha kama kioo, na Nanzia alikuwa akijitazama hapo anapofunga kilemba.

Na tangu siku hiyo, chuma hicho hakitoki nje bila kupitishiwa msasa. Ndani ya lifti na kwenye kumbi zilizofichwa jua mtakikuta bado kikiwa kioo. Lakini kwenye milango ya mbele, kuta za nje na nguzo za majengo kina mistari myembamba inayofuata njia moja, na mara nyingi inashuka, ili mvua ikija iondoke na vumbi. Fundi anayejua kazi hupokea bamba likiwa limefunikwa karatasi ya nailoni yenye mishale inayoonyesha njia ya mistari, naye huigeuza mishale yote ielekee upande mmoja kabla hajafunga skrubu hata moja, kwa kuwa vipande viwili vya chuma kilekile vikielekea tofauti huonekana kama rangi mbili. Akikuta mtu anakizungusha msasa juu yake, humzuia mkono.

Ndiyo maana mama anayeletwa zahanati asubuhi na mapema, jua likiwa usoni mwa jengo, huweza kuutazama mlango moja kwa moja bila kufumba macho, akauona, na akaingia.