Mkono Ambao Mheshimiwa Mghoi Angeushika

Sogeeni, wakubwa kwa watoto. Hadithi hii sitaimaliza mimi, mtaimaliza nyinyi.

Mghoi alikuwa mama muuza mboga aliyegombea uwakilishi wa wadi ya Mlondo akashindwa, akagombea tena, akashinda. Akakaa katika bunge la kaunti hadi nywele zikaingia mvi. Kaka yake, Mwandoe, alikuwa na ulimi wa kuwatuliza hata waliokwisha kukunja ngumi. Dereva wake, Righa, hakushindwa na barabara yoyote ya mlimani. Na hasimu wake, Wakesho, mwakilishi wa wadi jirani, akishasema neno halirudi.

Kampuni moja ikaja kuuchimba mlima ulio juu ya Mlondo. Vijana wengi wa pale wakapata kazi machimboni, na baruti ikalia kutwa. Kwanza chemchemi ikatoa tope. Kisha mbuzi wakakataa kulisha upande ule. Halafu ukatokea ufa. Mghoi alitia mkono ndani, akasikia hewa ya baridi, na kutoka chini sauti kama ya mtu anayesogeza kabati.

"Mlima huu utatuzika," alisema. Akatangaza hoja ya kufunga machimbo.

Siku ileile simu yake ikalia. Sauti ilikuwa ya upole: "Mheshimiwa, una watoto wazuri."

Wawakilishi wenzake wote waliiogopa hoja ile. Mwandoe akaenda kwao mmoja mmoja, akafukuzwa, akarudi. "Sikuombi umpende dada yangu," alimwambia kila mmoja. "Njoo tu uutazame ule ufa." Wengi wakaja, wakatazama, wakageuza msimamo. Lakini watu wasiojulikana wakaanza kusimama nje ya nyumba ya Mwandoe. Mkewe akachukua watoto akarudi kwao, na hadi leo hajarejea.

Asubuhi ya kura, lori lisilo na namba likawafuata Mghoi na Righa kwenye mteremko.

"Inama, Mheshimiwa!" Righa alipiga kelele, akakata usukani ili pigo liangukie upande wake. Mghoi akaingia bungeni na damu kwenye mkono wa gauni. Haikuwa yake. Righa alikatwa mguu.

Kura zikawa sawa kwa sawa, amebaki Wakesho. Kampuni ilikuwa imeahidi kuijengea wadi yake zahanati, na watu wake walikuwa wameshaanza kushangilia. Spika akaita jina lake. Wakesho akasimama, akamtazama Mghoi bila tabasamu.

"Simpendi huyu mama, naye hanipendi. Lakini ufa nimeuona. Ndiyo."

Kabla hajafika kwake, nyumba yake ilikuwa majivu. Uchaguzi uliofuata, watu wake wakamtupa.

Machimbo yakafungwa. Mvua ilipokuja, mlima ukaporomoka kwa kishindo, ukayafunika mashimo yote. Hapakuwa na mtu ndani. Akina mama wa Mlondo walisimama mbele ya ule udongo wakiwashika wana wao mashati.

Sasa moyo wa Mghoi umechoka, na daktari amemwambia aache siasa. Wananchi wakamwambia, "Yule utakayemshika mkono mbele yetu, ndiye tutakayemchagua." Nayo kampuni imerudi. Safari hii inautaka mlima kwa upande wa pili.

Mwandoe alimwambia, "Dada, mimi nimebaki na nini kingine?"

Righa alisema, "Mguu wangu ulikwenda kwa ajili ya kiti hicho, Mheshimiwa. Kwa nini akae mwingine?"

Wakesho, ambaye sasa aliishi Mlondo, alikunja mikono. "Siombi. Ila mimi hawana tena nyumba ya kunichomea."

Siku ya mkutano ikafika. Wote watatu wamesimama nyuma ya Mghoi, na uwanja umejaa watu hadi barabarani. Pembeni wapo wanaume wageni ambao hawapigi makofi. Wanangoja tu kuona ni nani. Mghoi ananyanyua mkono wake.

Bila ulimi wa Mwandoe, hoja ingekufa. Bila usukani wa Righa, Mghoi angekufa. Bila ndiyo ya Wakesho, vijana wa Mlondo wangekufa.

Je, ungekuwa wewe, ungeushika mkono wa nani? Na ukishaushika, ungekuwa umemtuza mtu huyo, au umemtoa kafara?