Khem Kaur na Sufuria Lisilokwisha

Hapo zamani, milima ilipokuwa bado changa na mito haijachagua pa kupita, palikuwa na mji jina lake Zarinabadi, kule Hindi kwenye nchi ya mito mitano, na mtawala wake alikuwa Sultani Mudhafari, na mimi nilivyopewa ndivyo ninavyowapa, sikutia chumvi ila ile ya kufanya chakula kilike.

Basi Sultani huyu hakukosa kitu, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda maajabu kama mtoto apendavyo sukari guru. Alikuwa na ndege wa rangi ya zumaridi anayesema leo mambo ya kesho, na zulia linalopaa, na chemchemi inayotiririka kwenda juu, na mtu anayemeza upanga akautolea sikioni. Na kila ajabu ilimfurahisha siku moja, na siku ya pili akapiga miayo, na siku ya tatu akauliza, "Hamna jingine?" Moyo wake ulikuwa umekauka kama kibuyu, ukikitikisa husikii ila mbegu.

Na ukingoni mwa mji, penye ukungu wa mto, palikuwa na nyumba ya ibada ya wale watu wa vilemba na ndevu zisizokatwa, ambao huku kwetu twawaita Kalasinga, na wenyewe hujiita Masikh, maana yake wanafunzi. Nyumba ilikuwa na milango minne, kila upande mmoja, kwa sababu mgeni hajulikani atatokea wapi. Ndani palikuwa na jiko, na moto wa jiko lile haukuwahi kuzimika tangu ulipowashwa, na hiyo ni miaka arobaini. Mtu akija, awe tajiri awe mfagiaji, awe wa dini hii au ile, alivua viatu, akafunika kichwa kwa kitambaa, akakaa chini kwenye busati, mstari mmoja, bega kwa bega na yeyote aliyemkuta, na wote wakala dengu ile ile na chapati ile ile. Chakula hicho wao hukiita langari. Hapana kiti, hapana mbele wala nyuma. Unga waliuleta watu wa mji, huyu kibaba, huyu pishi, na mwenye mikono mitupu alileta hiyo mikono, akakanda, akaosha, akapepea moto.

Mkuu wa jiko alikuwa Mzee Nihal Singh, ndevu nyeupe hadi kitovuni, na mjukuu wake alikuwa Khem Kaur, binti wa miaka ishirini, aliyelelewa juu ya magunia hata nywele zake zilinukia ngano. Na maji yaliletwa na Gurdit Singh, kijana wa kiriba mgongoni na mzaha mdomoni.

Mwaka huo mvua ikakataa, na unga ukapungua, na juu ya hayo akaja waziri wa Sultani, harufu ya waridi imemtangulia.

"Mzee Nihal," akasema, "Bwana wetu, taji la zama, ameamuru kila nyumba ya ibada imwonyeshe muujiza. Ninyi mna nini?"

"Dengu, bwana waziri."

"Nimesema muujiza."

"Nami nimesikia. Nasema dengu. Bwana hajaionja, ndiyo maana anauliza."

Gurdit akacheka hata maji yakamwagika. Waziri akamtazama, kisha akamgeukia mzee. "Chekeni. Nawapa siku kumi. Siku ya kumi Sultani atakuja mwenyewe, na asipoona muujiza, moto huu utazimwa kwa maji ya birika la tembo, na nyumba hii itakuwa zizi la tembo hao, na wewe, mzee, utashuka shimoni na hutapanda tena." Akazunguka na waridi lake, akaenda zake.

Khem Kaur chapati ikamganda mkononi. "Babu, kweli huna karama hata moja? Si husemwa wazee wetu wa kale walikuwa nazo?"

"Husemwa mengi, mjukuu wangu. Na waliokuwa nazo hawakuzitandaza sokoni. Afanyaye ajabu ili atazamwe, amemfanya Mola biashara. Ni moto wa majani makavu huo, unang'aa, lakini hauivishi."

"Na wakikutia shimoni?"

"Nitakaa shimoni. Geuza chapati, inaungua."

Lakini moyo wa binti haukutulia. Siku ya nne, alfajiri, ukungu umelala juu ya mto kama maziwa yaliyomwagika, alikwenda kuosha sufuria kubwa la shaba. Akachota mchanga kwa kiganja, akasugua kwa mchanga na jivu, akasugua, akasugua, na katika mchanga ule mlikuwa na pete. Akasikia ukungu unavuta pumzi. Kisha ukungu ukasimama, ukawa na mabega, ukawa na macho mawili ya rangi ya kahawa, na sauti kama gogo linaloviringika.

"Labeka, bibi! Mimi ni Tartushi, jini wa pete, miaka elfu naitwa na kutumwa. Sema, ni jumba au jeshi? Wote huanza na jumba."

Khem Kaur akaangukia matako mchangani. "Si jumba," akasema. "Sufuria hili. Lisiishe."

Jini akanyanyua nyusi. "Sufuria? Haya, limejaa. Na kuni huna haja nazo, litachemka lenyewe. Huko kote nilikotumwa, bibi, sijaona mtu anayemwita jini kwa dengu." Na ukungu ukawa ukungu.

Akarudi na pete kaificha kwenye ncha ya ushungi, na babu yake hakumwambia, na hilo ndilo kosa lake, kwa maana jambo ukimficha mtu akupendaye, ujue moyo wako umeshalihukumu.

Wanangu, sufuria lile! Ukichota upawa, dengu inapanda. Na pembeni chapati zinajipanga zenyewe, moto moto, hakuna aliyezisukuma. Mji ukavuma kama mzinga. Siku ya kwanza ilikuwa furaha tupu. Siku ya pili, yule mama wa pishi la unga hakuja, wa nini unga? Siku ya tatu wapasua kuni walilala, na Gurdit naye akakitundika kiriba ukutani akaketi kivulini. Siku ya nne matajiri wakatuma watumishi na mabakuli ya fedha, na waliokuwa mlangoni wakawapisha. Siku ya tano watu walikuwa wakikwangua masizi ya sufuria kufanya hirizi, na wengine wakilisujudia. Mstari ukavunjika. Watu wakawa wanasimama, wanasukumana, mwenye kiwiko kikali ndiye anayekula.

Na siku ya sita, alasiri, Khem Kaur alimkuta Bi Sakhina kaegemea nguzo. Huyu alikuwa kikongwe mfagia njia, macho yameshaingia utando, na miaka yote alikaa mwisho wa busati akala akashiba akaomba dua akaondoka. Leo kiganja chake kilikuwa kimekanyagwa, na sahani yake tupu.

"Bi Sakhina, hukula?"

"Sikufika, mwanangu. Jana pia. Wananipita juu. Wanasema kuna ajabu huko mbele, nami macho yangu hayaoni, basi nikasema nitazame nini."

Khem Kaur akasikia kama ameangushiwa sufuria lenyewe kifuani. Miaka arobaini, kwa unga wa kuokota okota, hakuna aliyetoka nyumba ile na njaa. Na leo, ubavuni pa sufuria lisilokwisha, kikongwe ana siku mbili hajala. Akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaenda kwa babu yake, akafungua ncha ya ushungi, akaweka pete miguuni pake, na akalia.

Mzee Nihal, aliyekuwa akingoja aje aseme mwenyewe, hakumgombeza. Aliitazama pete kama mtu anavyotazama mdudu aliyeingia ndani. "Sufuria limejaa, mjukuu wangu," akasema, "na nyumba imekuwa tupu. Mwalimu wetu wa kwanza hakutuachia sufuria. Alituachia mstari."

"Niliogopa watakutia shimoni."

"Najua. Sasa nenda kautazame moto."

Moto! Kwa siku sita hakuna aliyeukumbuka, maana sufuria lilichemka lenyewe. Akakimbia, akapiga magoti, akafukua jivu, na jivu lilikuwa baridi, na chini yake baridi, na chini kabisa palikuwa na kaa moja, dogo kama punje ya komamanga. Moto ule ule aliotishia waziri kuuzima, yeye alikuwa ameshauzima kwa mkono wake, imebaki punje tu.

Hakuondoka pale. Akapuliza. Si kwa nguvu, kwa nguvu lingekufa. Akapuliza kama mtu anayembembeleza mtoto, na ndani ya pumzi akatia jina la Mola kama alivyofundishwa, nusu kwa kuvuta, nusu kwa kutoa, Wahe, guru, Wahe, guru. Saa zikapita kama watu wasio na viatu. Ikafika mahali hakujua tena nani anapuliza na nani anapulizwa. Jivu likawa nchi ya mbali yenye vilima vyeupe, na kaa likawa jua lake, na jua likawa ndani ya kifua chake, na akastaajabu, akastaajabu bila kuona chochote cha ajabu, na lolote lililokuwa likimtisha likakaa chini, bega kwa bega na yaliyobaki. Alipozinduka kulikuwa kunapambazuka siku ya kumi, na kuni zilikuwa zimeshika.

Akaitwaa pete, akaisugua, akamwita jini. "Tartushi, chukua ulichotoa."

"Bibi, leo ndiyo leo. Nikichukua, babu yako shimoni."

"Najua. Chukua. Na hii pete, chukua na hii."

Jini akarudi nyuma. "Nimpe nani?"

"Jivishe mwenyewe. Humu hatuli cha mtu aliyelazimishwa. Mimi nilisahau. Nenda, na unisamehe."

Kwa miaka elfu Tartushi alikuwa ameombwa majumba na majeshi, na msamaha hakuna aliyewahi kumwomba. Akaichukua pete, akajivisha, akatoweka, na pale aliposimama pakabaki harufu ya mvua. Sufuria likawa tupu, kavu, na masizi yake.

Gurdit akatokea mlangoni, kiriba mgongoni, macho chini. "Nimeona moshi," akasema. "Siku sita sikuona moshi, na kila nikilala nahisi nimesahau kitu."

"Umesahau maji," akasema Khem Kaur.

"Basi nikoge matusi yako kwanza au nimimine?"

"Mimina!"

Wakakanda unga wote uliokuwepo, mzee, binti na mchota maji, na zikatoka chapati chache na dengu nyepesi. Na tarumbeta zikalia, na Sultani Mudhafari akaingia na waziri wake na askari wake, na mji mzima nyuma yao.

"Liko wapi sufuria lisilokwisha?" akauliza Sultani.

Khem Kaur akasimama mbele yake. "Lilikuwepo, bwana. Nimelirudisha."

"Umelirudisha!" Watu wakapiga kelele, na waziri akaita maji ya tembo.

Lakini Mzee Nihal akainua upawa. "Bwana Sultani, mimi ni wako, na shimo lako linaningoja. Ila sasa ni wakati wa kula, na humu hahukumiwi mtu na mwenye njaa. Viatu pale. Kichwa kifunikwe. Kaeni."

Watu wakashika vinywa. Sultani naye, ambaye tangu azaliwe hakuna aliyemwambia akae chini, akaona hilo angalau ni jipya. Akavua viatu, na taji akaliweka juu ya viatu, akajifunga kitambaa cha pamba, akakaa mwisho wa mstari. Ubavuni pake alikuwa Bi Sakhina.

Khem Kaur akagawa, mmoja mmoja, mwenye punda kwa mwenye duka, mstari umenyooka kama zamani. Na chapati ya mwisho ikamwangukia Bi Sakhina, na upawa ukakwaruza chini ya sufuria, kwaruu. Binti akasimama mbele ya Sultani na kapu tupu, na waziri akatabasamu, na moto ukasikika unavyotafuna kuni.

Bi Sakhina akapapasa upande wake, akakuta sahani, akakuta haina kitu. "Umechelewa, baba?" akasema, na akaikata chapati yake katikati, na kipande kikubwa akakitia sahanini. "Chovya humu mwangu. Na mkono huo mbona umekonda, nyumbani kwako hawakupikii?"

Sultani akakitazama kile kipande. Akakitazama muda mrefu. Kisha akala, na machozi yakaingia kitambaani.

"Sikilizeni," akasema, na sauti ilikuwa ngeni hata kwake mwenyewe. "Nimeona ndege ajuaye kesho, na zulia lipaalo, na maji yapandayo, na yote nilifanyiwa kwa kuwa mimi ni Sultani. Huyu hanijui. Amenipa kwa kuwa nimekaa karibu naye. Nani amemfundisha ajabu hii?"

"Ajabu gani, baba?" akasema Bi Sakhina. "Kukata mkate?"

"Bwana wangu," akasema waziri, "muujiza hawana."

"Vua viatu, waziri. Kaa pale, karibu na mwenye punda."

Ndipo haya ikawashika watu wa mji. Yule mama wa pishi la unga akatoka mbio, na wapasua kuni wakatoka, na masinia yakaanza kuingia kwa milango yote minne. Na katika msongamano ule likaingia jitu moja kubwa, limejifunika kichwa vizuri, halina viatu, likapita kimya hadi penye vyombo vichafu, likachuchumaa, likachota jivu, likaanza kusugua sufuria. Khem Kaur akayaona macho ya rangi ya kahawa.

"Tartushi! Nani amekuita?"

"Hakuna," akasema jini, na akacheka hata masinia yakatikisika. "Miaka elfu naitwa. Leo nimekuja."

Sultani akatoa ghala la ngano ya tembo kwa jiko lile, na tembo wakapewa majani, hawakulalamika. Akafungua tundu la ndege wa zumaridi akamwuliza mara ya mwisho, "Kesho kuna nini?" na ndege akasema, "Unga utakandwa," akaruka. Na arusi mnayoingoja ilikuwepo: Khem Kaur na Gurdit, na bwana arusi alichota maji mwenyewe asubuhi ya arusi yake, na Sultani akagawa chapati, akaunguza mbili. Na Bi Sakhina alikaa kwenye nafasi yake, mwisho wa busati, hadi siku zake zikatimia.

Basi wanangu, anayekuonyesha ajabu, mtazame, kisha utazame nani amekosa chakula. Na mkipita alfajiri penye jiko la watu wengi, mkasikia sufuria linasuguliwa kwa nguvu zisizo za mwanadamu, msimwite aliye pale kwa jina. Huyo amekuja mwenyewe.