Moto wa Bi Kakakuona

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mnaumwa meno? Paukwa!

Pakawa!

Naam! Sasa nasimulia.

Hapo zamani za kale palikuwa na mtaa wa mafundi, ukiitwa Mtaa wa Nyundo. Karakana zilikuwa kumi na mbili. Asubuhi nyundo zinalia, ngo! ngo! ngo! Misumeno inajibu, kwere! kwere! Wateja wanapigana vikumbo.

Lakini mafundi wale walikuwa na ugonjwa. Kila mmoja alihofu jirani atamwibia ufundi. Basi kila mmoja akajenga ua wa miiba. Kila mwaka akausogeza njiani, hatua moja tu. Hatua moja huku, hatua moja kule. Njia ikawa uchochoro. Wateja wakachomwa miiba, wakachoka, wakaenda zao. Karakana zikafungwa, leo hii, kesho ile, mpaka zikabaki tatu.

Moja ya Bi Kakakuona, mhunzi. Moja ya Mzee Ngiri, seremala. Na moja ya Mnana, yule ndege msuka kamba, mdomo hautulii.

Mimi namhurumia Kakakuona. Moto wa karakana yake uliwashwa na marehemu mama yake, na tangu hapo haukuwahi kuzimika. Sasa makaa yalibaki kikapu kimoja. Asipopata kazi, moto utakufa, naye atajitwika fuawe lake la kufulia chuma ahamie kwa shemeji yake bondeni. Na huyo shemeji, hamumjui nyie, ana kisirani!

Siku moja ardhi ikatikisika, titi! titi! titi! Ni Tembo. Akafika mwanzo wa uchochoro, akajaribu kupita. Wapi! Akapiga kelele palepale aliposimama.

"Hodi, mafundi! Mtama wetu umekomaa. Nataka mikokoteni kumi kabla ya mvua. Nani anaweza?"

"Naweza!" akadakia Kakakuona nyuma ya ua wake.

"Naweza!" akanguruma Ngiri nyuma ya wake.

"Waongo hao! Mimi ndiye ninayeweza!" akapayuka Mnana.

Tembo akatikisa masikio. "Haya. Nitarudi mwezi ukiandama. Nitachukua kwa atakayekuwa nayo."

Kakakuona akavuta mivukuto, vuu! vuu! Akapiga chuma, ngo! ngo! Akatengeneza mkokoteni wa chuma kitupu. Mara akasikia kwa Ngiri, kwaa! Gurudumu la mbao limepasuka. Akacheka. Akasikia kwa Mnana, pwata! Mkokoteni wa kamba tupu umelala chini. Akacheka tena. Kisha akausukuma wake. Ukazama udongoni, haukusogea hata kidogo. Kicheko kikamkauka.

Akatazama kikapu. Makaa yameisha.

Moto ukaanza kufifia. Kakakuona akajikunja, akawa mviringo, kama wanavyofanya wao wakiona aibu. Akalia humo ndani peke yake. "Mama, nisamehe," akasema. Halafu akajikunjua. Akatazama huku, akatazama kule. Kitu kikavu kilichobaki pale kilikuwa ua wake tu.

Akang'oa mti wa kwanza, ng'wee! Akautia motoni. Akang'oa wa pili, wa tatu. Ua ukaisha. Na kwa kuwa njia yenyewe ilikuwa nyembamba, mikono yake ikafika mpaka kwenye ua wa Ngiri. Akachungulia tunduni. Mzee Ngiri amekalia gurudumu lililopasuka, machozi yanamtiririka kwenye pembe.

"Shikamoo, mzee."

Ngiri akashtuka. Miaka saba hawajasalimiana. "Marahaba, mwanangu. Umekuja kunicheka?"

"Nilikwisha kucheka, mzee. Sasa nimekuja kuomba. Wewe una gurudumu, linapasuka. Mimi nina chuma, kinazama. Nikilivika gurudumu lako pete ya chuma, je?"

Ngiri akaupapasa ufa wa gurudumu. Akasema, "Lakini utaona ninavyochonga."

"Nawe utaona ninavyofua."

"Na kufunga mtafunga kwa nini, kwa mate?" akapiga kelele Mnana juu ya ua wake. "Kamba ninazo mimi!"

Basi zile nyua zote zikang'olewa, zikaingia motoni. Ngiri akachonga, Kakakuona akafua, Mnana akafunga. Mara moja Ngiri akasahau, akakemea, "Usitazame mkono wangu!" Halafu akakumbuka, akacheka mwenyewe mpaka akakohoa.

Mwezi ukaandama. Tembo akaja, akaingia mpaka katikati ya mtaa. Mikokoteni kumi imepangwa. Akausukuma mmoja, ukateleza.

"Fundi ni nani? Nataka nimtaje kwa ndugu zangu."

Mnana akafungua mdomo, akaufunga, na kwa Mnana hilo si jambo dogo. Neno "mimi" likamjia Kakakuona mpaka ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Waambie ni mafundi wa Mtaa wa Nyundo," akasema. "Na waambie njia inapitika."

Habari zikaenea. Wateja wakarudi. Na wale mafundi tisa waliohama wakarudi pia, kwa haya, macho chini, wakafungua karakana zilizojaa utando wa buibui. Meko baridi. Kakakuona akachota makaa mekundu kwenye moto wa mama yake, akawapelekea mlango kwa mlango, wote tisa. "Chukua, jirani," akasema. "Washa."

Nawaambia wazi, wakubwa kwa watoto: tukifichana ufundi tutafunga milango wote, tukishika kazi pamoja tutakula wote.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka zaidi akamwulize jirani yake, kama wanasalimiana.