Chaza wa Bi Kazija

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa hori moja, mkono mdogo wa bahari, na watu wawili wanaoligombea. Niendelee?"

"Endelea, tumekaa kitako!"

Hapo zamani, barazani kwa sheha, walikuwepo hawa: Sheha Mcha bin Haji mwenyewe. Bi Kazija binti Dadi, mjane. Vuai bin Ngwali, shemeji yake. Waliobaki walifuata kahawa.

Vuai alilitaka hori la marehemu kaka yake, na Bi Kazija hana pengine pa kupata riziki. Sheha akaamua: "Fugeni chaza mwaka mmoja. Kila mtu na chelezo chake kinachoelea, kamba za chaza zining'inie majini. Atakayewanenepesha, hori lake."

Vuai akafurahi. Mwanamke yule angejua nini? Hata hivyo akaenda kumchungulia. Akamkuta kapandisha kamba zake juu ya chelezo, chaza wanapigwa jua.

"Shemeji, wawaua?"

"Nawaanika. Chaza hufumba mdomo akasubiri. Mwani na wadudu wanaomganda hufa. Nawe anika, shemeji."

Ananitega huyu, akawaza Vuai. Kiumbe cha bahari kianikwe kama mpunga? Kamba zake akaziacha majini, raha mustarehe.

Akaenda tena. Bi Kazija anabandua chaza waliosongamana.

"Shemeji, wawatupa?"

"Nawapunguza, waliobaki wapate kula. Nawe punguza."

Ananitega! Vuai akaenda kuongeza wengine.

Jamani, mwawajua werevu wa namna hii? Ukitaka kuwaficha kitu, waambie.

Mwaka ukatimia, watu wakajaa pwani. Kamba za Bi Kazija zikatoka na chaza wa kujaza kiganja. Za Vuai zikatoka na mwani, na kaa, na mwani tena, na chaza wachache wameachama.

"Wachache, lakini watamu!" akasema Vuai, akamchukua mmoja.

"Shemeji, huyo keshakufa. Aliyeachama haliwi. Mtupe."

Vuai akamtazama, akatabasamu. Mara ya tatu hii! Anaogopa nitamshinda kwa utamu.

"Safari hii hunipati, Bi Kazija."

Akala wa kwanza. Akala wa pili. Akala wa tatu, akalamba na vidole.

Sheha akampa Bi Kazija hori lake.

Hadithi imefika ufukweni. Mwenye kikapu na achukue, asiye nacho na asimulie.

Vuai bin Ngwali alifariki Ijumaa.